Jengo limebaki bila wateja, na mama ana kliniki: niondoke au nivumilie?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni fundi wa nguo, mjane wa miaka 43 mwenye watoto wawili walio katika shule ya upili, na ninaishi mashariki mwa Nairobi pamoja na mama yangu mzazi. Tulimleta kutoka Vihiga baada ya baba kufariki, kwa sababu ana kisukari na shinikizo la damu na hapakuwa na mtu nyumbani wa kumkumbusha dawa wala kuangalia anachokula. Ninakuandikia kwa kuwa nina mambo mawili ambayo kila moja peke yake lingetosha kuninyima usingizi, na nimefika mahali ambapo siwezi tena kufikiria moja bila jingine kuniingilia.

Duka langu liko katika jengo la maduka ambalo sitalitaja jina. Nyuma nina cherehani tatu, ambapo mimi na msichana mmoja niliyemwajiri tunashona magauni ya vitenge, nguo za harusi na sare za kwaya. Mbele nimetundika nguo zilizo tayari, ambazo huzinunua kwa jumla Eastleigh. Nilipoingia, supamaketi kubwa ilikuwa ghorofa ya chini, na watu waliotoka humo na mifuko yao walipita mbele ya dirisha langu wakielekea kwenye maegesho. Wengine waliingia kwa kuvutiwa tu na rangi ya kitenge. Kisha bidhaa zikaanza kukosekana, wafanyakazi wakawa wanapanga pakiti za chumvi na karatasi za chooni mstari mrefu ili kuziba mapengo ya rafu, na hatimaye supamaketi ikafungwa. Benki ikafuata, ikaacha mashine ya kutolea pesa peke yake. Siku hizi ghorofa ya juu ina kanisa, palipokuwa na duka la viatu pana ukumbi wa mazoezi, ngazi za umeme zimesimama, na katika maegesho shule moja ya udereva huwafundishia wanafunzi wake kurudi nyuma kati ya koni.

Kodi yenyewe haijasimama. Ninalipa shilingi 65,000 kwa mwezi pamoja na ada ya huduma ya shilingi 14,000, na kodi hupanda kila mwaka kama mkataba unavyosema. Mkataba ni wa miaka 5 na miezi 3, na umebakia mwaka mmoja na nusu. Kila tunapouliza, msimamizi wa jengo hutujibu kwamba supamaketi nyingine iko njiani.

Upande wa mama, kliniki yake iko katika hospitali kubwa ya umma, ambayo pia sitaitaja. Siku ya kliniki tunaondoka nyumbani kabla ya kupambazuka ili tupate nambari ya karibu. Tunapanga foleni ya faili, tunapanga ya kupimwa uzito na shinikizo, tunapanga ya maabara, kisha tunakaa kwenye benchi tukimsubiri daktari hadi mchana kupita. Tukishaonwa, mara nyingi huandikiwa dawa zile zile za siku zote, tunapanga foleni ya dirisha la dawa, na hapo tunaambiwa kwamba mojawapo haipo, tukainunue nje. Wakati wa mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa tulirudi nyumbani bila kuonwa na nikamnunulia mama dawa kwa karatasi ya zamani.

Siku hizo mimi hulifunga duka, kwa sababu msichana wangu bado hajaiva katika kupima na kukata. Bibi harusi mmoja alikuja akakuta kufuli, akachukua kitenge chake akampelekea fundi mwingine. Isitoshe, usimamizi wa jengo umeniandikia barua ya onyo kwamba mpangaji hatakiwi kufunga siku ya kazi.

Ushauri niliopata ni mwingi na kila mmoja unanivuta upande wake. Kaka yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi Nakuru na hutuma chochote mwisho wa mwezi, anasema mama arudi nyumbani Vihiga, au nimpeleke hospitali ya kibinafsi kama watu wengine, ingawa hasemi atakayelipa ni nani. Rafiki yangu mmoja amenipatia kibanda katika jengo la vibanda katikati ya jiji, karibu na Barabara ya Moi, lakini anayekiacha anataka gudwili, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, ya shilingi 350,000. Mwingine ananiambia nibebe vitu vyangu usiku, niondoke, na wenye jengo wajilipe kwa amana yangu ya miezi mitatu.

Ninahisi kwamba maisha yangu yote yamegeuka kuwa kusubiri: hospitalini nasubiri jina la mama liitwe, dukani nasubiri mtu aingie. Niondoke au nivumilie? Na mama nimfanyieje?

Fundi, Nairobi

*

Dada Fundi,

Ondoka katika jengo hilo, lakini usiondoke usiku. Mama usimwondoe katika huduma ya umma, ila mwondoe katika foleni asiyoihitaji. Hayo ndiyo maoni yangu kwa ufupi.

Umeandika kwamba kote kuwili unasubiri, lakini kusubiri kwako si kwa aina moja. Foleni ya hospitali, kwa uchovu wake wote, ina dirisha mwishoni: jina huitwa, damu hupimwa, mama hurudi na dawa. Foleni ya dukani haina dirisha. Hakuna anayeweza kukuambia ni nani aliye mbele yako wala zamu yako itafika lini, na unalipa shilingi 79,000 kwa mwezi ili uendelee kusimama humo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaokuambia uanze kwa kumhamisha mama. Kinachopaswa kuhama kwanza ni cherehani.

Kilichokupata kimewapata wafanyabiashara wengi wa jiji hili. Majengo mengi ya maduka ya Nairobi yalijengwa kwa kuamini kwamba supamaketi moja kubwa itawaleta watu, na maduka madogo yataishi kwa wapita njia wake. Supamaketi ya Uchumi ilipodhoofika, Nakumatt ikayumba mwaka 2017 hadi wadai wake wakapiga kura ya kuifilisi mwaka 2020, na Tuskys ikafuata, wapangaji wadogo waligundua kwamba walikuwa wakilipia wateja wa mtu mwingine. Wakati huo huo supamaketi zilizobaki zilisogea mitaani, karibu na nyumba za watu, na mteja aliyekuwa akifunga safari ya Jumamosi kwenda kwenye jengo kubwa sasa hununua unga na sabuni akishuka kwenye matatu.

Yapo majengo yaliyofufuka, nami sitakuficha hilo. Junction katika Barabara ya Ngong na Thika Road Mall yalimpoteza mpangaji yule yule mkubwa, Nakumatt, na nafasi yake ikachukuliwa na Carrefour. Ndiyo maana neno la msimamizi wako kwamba supamaketi iko njiani si la kupuuza moja kwa moja. Mwandikie na umwombe akujibu kwa maandishi: je, mkataba umesainiwa, na tarehe ya kufungua ni ipi? Akijibu kwa tarehe, keti ufikirie tena. Akijibu kwamba mazungumzo yanaendelea, hesabu kwamba hakuna anayekuja. Ngazi za umeme zilizoachwa bila kutengenezwa hazinionyeshi mtu anayejiandaa kumpokea mpangaji mkubwa.

Sasa tuje kwenye mkataba wako, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa kuhama usiku unapoweza kukuumiza. Umewahi kujiuliza kwa nini ni miaka 5 na miezi 3, badala ya miaka 5 kamili? Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inayojulikana kama Sura ya 301, ambayo humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, au mwenye mkataba ambao, hata ukiwa mrefu kuliko huo, una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 ya mwanzo hata bila upande wowote kukiuka masharti yake. Mpangaji anayelindwa hivyo hawezi kufukuzwa wala kubadilishiwa masharti bila ilani rasmi, ambayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu aipokee, na mgogoro wake huamuliwa na Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Yeye mwenyewe pia anaweza kutoa ilani ya kutaka kodi yake ikadiriwe upya. Ile miezi 3 ya ziada katika mkataba wako iliwekwa, kwa kawaida ya mji huu, ili usiingie chini ya ulinzi huo.

Kwa hiyo chukua mkataba wako usiku wa leo, watoto wakilala, utafute jambo moja tu: je, kuna mahali panaposema kwamba wewe au mwenye jengo anaweza kuuvunja kwa kutoa ilani ya miezi kadhaa, na kwamba hilo linaweza kufanyika ndani ya miaka 5 ya mwanzo? Kama papo, huenda unalindwa, na unayo njia ya kutoka pamoja na njia ya kuomba kodi ipunguzwe. Kama hapapo, umefungwa na maneno uliyoyasaini, na mwenye jengo anaweza kukudai kodi ya muda wote uliobaki. Miezi 18 kwa shilingi 79,000 ni shilingi 1,422,000, kabla ya nyongeza ya kila mwaka. Amana ya miezi 3 haifuti deni la namna hiyo. Rafiki yako anayekushauri uhame usiku hajapiga hesabu hiyo, na madalali wakija kuzitafuta cherehani zako, yeye atakuwa kwake amelala. Mlipe wakili asome mkataba huo nawe. Ni gharama ndogo ikilinganishwa na tarakimu hizo.

Hata ukikuta umefungwa, usidhani huna la kusema. Mwenye jengo lililo tupu nusu anaogopa dirisha jingine lenye giza kuliko anavyoogopa kupunguza kodi, kwa sababu kila anayekuja kuangalia nafasi huhesabu madirisha yaliyofungwa. Mwandikie barua ya heshima, isiyo na vitisho, umweleze kwamba ulipanga duka katika jengo lenye supamaketi na sasa supamaketi hiyo haipo, kwamba ngazi hazifanyi kazi ilhali unalipa ada ya huduma, na kwamba unapendekeza kusalimisha mkataba kwa ilani ya miezi 3, ambayo amana yako italipia. Kama atakataa, omba ruhusa ya kumtafuta mpangaji wa kukurithi kwa muda uliobaki. Huo ukumbi wa mazoezi unaweza kuwa unatafuta nafasi ya ziada bila wewe kujua. Kama atakataa hilo pia, omba kodi ishuke kwa muda uliobaki. Omba vilevile uonyeshwe hesabu za ada ya huduma, kwa kuwa mikataba mingi huahidi hesabu hizo kila mwaka na wapangaji wengi hawaziulizi. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe na kusainiwa, maana msimamizi wa leo huenda asiwe msimamizi wa mwezi ujao. Na hadi hapo, endelea kulipa. Mwenye malimbikizo hana sauti katika mazungumzo.

Kuhusu kibanda cha mjini nitakuwa mkali kidogo. Usitoe shilingi 350,000 hizo. Gudwili mara nyingi hulipwa mkononi bila risiti, kwa mtu anayeondoka, na haikupi haki yoyote zaidi ya ile iliyo katika mkataba utakaousaini na mwenye jengo. Akiamua kukupandishia kodi mwaka ujao, hutakuwa na wa kumdai.

Lakini ninayo sababu nyingine kubwa zaidi, nayo ni kwamba umekuwa ukiendesha biashara mbili chini ya paa moja na kuzihesabu kama moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika kando mapato ya kushona, na kando mapato ya nguo zilizo tayari. Nitashangaa sana iwapo nguo zilizo tayari zinajilipia hata nafasi zinayoichukua, kwa kuwa hizo ndizo zilizotegemea wapita njia, na ndizo zinazoshindana na mitumba ya Gikomba na wauzaji wa mitandaoni wanaomletea mteja gauni hadi mlangoni. Ukizihamishia katikati ya jiji utazitundika kando ya vibanda vingine vilivyonunua Eastleigh ile ile. Kushona ni jambo tofauti. Bibi harusi hakukujia kwa sababu ya jengo. Alikujia kwa sababu mtu aliiona kazi ya mikono yako akampa nambari yako ya simu. Mteja wa namna hiyo atakufuata hata kwenye chumba cha ghorofa ya chini mtaani kwako, karibu na stendi ya matatu, kwa kodi ambayo haitakuamsha usiku. Uza nguo zilizo tayari kwa bei ya kumaliza, usinunue nyingine, na kabla ya kuhama ulizia ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha biashara cha mahali papya. Nambari yako ya simu usiibadilishe hata kidogo.

(Na hilo kanisa la ghorofa ya juu, je, lina kwaya? Umetaja kwamba unashona sare za kwaya, ukataja kanisa, lakini hukusema kama umewahi kupanda ngazi ukamsalimu mwalimu wao wa kwaya.)

Kuhusu kulifunga duka siku ya kliniki, naona hapana ulazima wa kusubiri hadi uhame. Msichana asiyejua kukata anaweza kufungua mlango, kupokea vitambaa, kutoa nguo zilizokamilika na kumwelekeza mteja alipe kwa nambari yako ya M-Pesa, ambapo pesa hazipiti mikononi mwake na wewe unaona ujumbe ukiwa kwenye benchi la hospitali. Kupima unaweza kumfundisha, na ni kwa faida yako. Siku ya kliniki unaijua mapema, kwa hiyo usimpe bibi harusi miadi siku hiyo.

Sasa mama. Hospitali kubwa za jiji hili hujaa kwa sababu nyingi, zikiwemo uchache wa madaktari na migomo uliyoitaja, lakini mojawapo ni kwamba zinapokea watu ambao wangeweza kuonwa karibu na nyumbani. Mfumo wa afya wa Kenya umepangwa kwa ngazi 6, kuanzia jamii na zahanati, kupitia vituo vya afya, hadi hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta, na nia yake ni kwamba mgonjwa apande ngazi anapohitaji utaalamu na ashuke anapotulia. Kupanda watu wanajua, ila kushuka hakuna anayekumbuka kukuuliza. Mgonjwa huendelea kuandikiwa tarehe nyingine katika hospitali ile ile, dawa zile zile, mwaka hadi mwaka.

Katika kliniki ijayo mwulize daktari swali hili bila kuzunguka: je, hali ya mama imetulia kiasi kwamba anaweza kufuatiliwa katika kituo cha afya karibu na nyumbani, akarudi hapa kwa uchunguzi wa mara chache au hali ikibadilika? Kama figo, macho, moyo au miguu yake ina tatizo, au kama dozi zake bado zinarekebishwa, daktari atakataa, naye atakuwa na haki. Basi vumilieni foleni hiyo, kwa kuwa ina sababu. Kama atakubali, omba barua ya rufaa yenye muhtasari wa ugonjwa, dawa na dozi, na vipimo vya karibuni. Kabla ya kuhamisha faili, nenda wewe mwenyewe kwenye kituo hicho uulize siku yao ya wagonjwa wa sukari, kama maabara inafanya kazi, na kama dawa za mama hupatikana kwa kawaida. Sikuahidi kwamba hazitakosekana huko pia. Ninachojua ni kwamba zikikosekana mtaani utakuwa umepoteza asubuhi, hukupoteza siku nzima na nauli.

Hakikisha mama amesajiliwa yeye mwenyewe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Wengi hudhani kwamba mzazi anaingia chini ya bima ya mwanawe, lakini wanaoingia ni mume au mke na watoto. Mzazi huhesabiwa kama kaya ya peke yake. Akishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kulazwa na huduma za hospitali za juu ni jambo jingine: hapo lazima mchango wake uwe umelipwa, ambao kwa asiye na ajira rasmi hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Mgonjwa wa kisukari hapaswi kukutwa na dharura huku mchango wake haujalipwa.

Mtafute pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu hao mikoba yenye vifaa vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari, na kazi yao ni kuwafikia watu majumbani. Vipimo vyake viandikwe katika daftari dogo ambalo mama atakwenda nalo kliniki, kwa sababu daktari mwenye vipimo vya miezi miwili huamua vizuri zaidi kuliko mwenye kipimo cha asubuhi moja baada ya safari ya matatu.

Jambo moja la haraka. Mnaondoka kabla ya kupambazuka na mama huonwa baada ya mchana. Iwapo huenda bila kula kwa ajili ya kipimo cha damu, muulize muuguzi mapema dawa za asubuhi zimezwe saa ngapi, na beba chakula ale mara tu damu inapochukuliwa. Mgonjwa wa sukari aliyemeza dawa na kukaa na njaa saa nyingi anaweza kupungukiwa sukari mwilini ghafla, na hilo ni la hatari kuliko kuchelewa kuonwa. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, usisubiri jina liitwe. Mwite muuguzi papo hapo.

Kuhusu kumrudisha Vihiga, barua yako ina maneno ya kaka, ya marafiki na ya msimamizi wa jengo, lakini haina neno hata moja la mama. Yeye anataka nini? Huenda anatamani nyumbani na hasemi ili asionekane hana shukrani, na huenda anaogopa kurudi kwenye nyumba aliyoiacha na mzee. Muulize mkiwa wawili. Akitaka kurudi, swali la kwanza litakuwa ni nani atakayekaa naye kila siku, kwa sababu hilo ndilo lililowafanya mmlete, na jibu likikosekana hakuna mjadala.

Hospitali ya kibinafsi ni uamuzi wa anayelipa. Mwandikie kaka yako gharama zilivyo: mchango wa SHA wa mwaka, dawa zinazonunuliwa nje, nauli, na malipo ya mtu wa kumsindikiza mama siku ambazo huwezi kwenda. Mwambie achague atakachobeba kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana, badala ya chochote. Kisha mpe tarehe ya kliniki ijayo, na umwombe aje kutoka Nakuru usiku wa kuamkia siku hiyo ampeleke mama yeye mwenyewe, wewe ukiwa dukani ukishona. Akishakaa kwenye benchi hilo tangu alfajiri hadi dirisha la dawa, mazungumzo yenu ya nani abebe nini yatakuwa mafupi zaidi.

Mshauri